Mstari Mmoja na Herufi Mbili

Nyumbani kwetu hakukuwa na kifutio. Nilikiona mara ya kwanza nilipoanza shule, kwa mwenzangu wa dawati moja, nikakistaajabia kama mazingaombwe: neno lilikuwepo, sasa halipo. Jioni nilipomsimulia Baba, aliweka kikombe mezani akanitazama kama mtu aliyeambiwa bintiye ameanza udokozi.

"Na kosa limekwenda wapi?" akaniuliza.

"Halipo, Baba."

"Halipo, au halionekani?"

Nilikuwa na miaka saba. Baba ni fundi wa ndege, na katika hanga, banda la ndege alikofanya kazi, ipo sheria moja inayotangulia nyingine zote. Ukikosea kuandika kwenye kadi ya kazi, hufuti, hupaki rangi nyeupe, hurarui. Unapiga mstari mmoja juu ya neno ulilokosea, mstari mwembamba ili kosa liendelee kusomeka, na pembeni unaweka herufi mbili za kwanza za majina yako. Mtu akija kuikagua kadi ile baada ya miaka kumi, aone kilichoandikwa kwanza, kilichoandikwa baadaye, na nani aliyebadilisha.

Sheria hiyo aliileta nyumbani kama wengine wanavyoleta mkate. Mwalimu wangu wa hesabu alimwita Mama shuleni kumuuliza kwa nini mtoto anatia saini kwenye saba mara nane. Mama mwenyewe alikwisha ambukizwa. Kwenye orodha yake ya sokoni ungeona "vitunguu" vimepigwa mstari, "nyanya" zimeandikwa juu, na herufi zake mbili pembeni. Wakigombana, asubuhi yake alikuwa akimwambia Baba, "Lile neno la jana nimelipigia mstari. Lakini lisomeke."

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nilipokua nikaingia hanga lile lile, nikasoma, nikafanya mitihani, na nilipofikisha miaka ishirini na saba nikapata leseni ya uhandisi wa matengenezo. Baba hakuwa nayo.

Hapo ndipo penye kidonda, nitapaeleza taratibu. Katika hanga mikono ni mingi, lakini ndege haitoki mpaka mwenye leseni aikague kazi na kuitia saini kwamba ni salama kuruka. Baba alikuwa na miaka thelathini na moja ya kazi, na kila kazi yake ilisubiri saini ya mtu mwingine. Miaka minne ya mwisho, mtu huyo alikuwa mimi. Mimi, ambaye alinifundisha kushika tochi kabla sijajua kushika kalamu vizuri!

Alilichukulia kwa mzaha. Akimaliza kazi alisimama wima, visigino pamoja, akapaza sauti ili hanga zima lisikie: "Mhandisi! Njoo unikague." Watu walivunjika mbavu. Nami nilikwenda na tochi yangu, nikaangaza waya wa usalama aliofunga kwenye bolti isilegee, waya ambao mimi nisingeweza kuufunga vile hata ningepewa maisha mawili. Kadi alikuwa ameshaijaza yeye kwa mwandiko wake wa kulala, pamoja na jina langu katika kisanduku cha mwisho, cha mwenye leseni. Mimi nilitia saini tu. Kila mara niliona aibu, kama mtu anayekula mezani huku mpishi amesimama mlangoni.

Si kwamba Baba hakuwahi kujaribu. Leseni ina karatasi kumi na tatu za mtihani, na kumi na mbili alikwisha zifaulu, moja moja, mwaka hadi mwaka. Iliyobaki ilikuwa ile ya makosa ya binadamu: jinsi uchovu, haraka, kiburi au ugomvi wa nyumbani vinavyomfanya fundi mzuri aache nati bila kukazwa. Alianguka mara mbili. Hakushindwa na somo, alibishana nalo. Swali moja liliuliza fundi afanye nini akikuta spana imepotea mwisho wa zamu. Majibu yalikuwa manne. Baba aliyaacha yote manne akaandika pembeni: "Inategemea ni spana gani."

Kanuni za mtihani hazina mzaha. Karatasi moja unaruhusiwa kuikalia mara tatu. Ukianguka ya tatu, unakaa nje mwaka mzima. Tena karatasi ulizofaulu haziishi milele, zikifika miaka kumi zinakufa, unaanza upya. Zile tano za mwanzo za Baba zilibakiza miezi mitano. Kustaafu kwake kulibakiza miezi kumi na minne. Hesabu hiyo hata mimi wa saba mara nane niliiona. Akianguka safari hii, angestaafu bila kuitia saini yake ndege hata moja.

Basi tukamsomesha, Mama na mimi, mezani jikoni. Mama ndiye aliyesoma maswali, kwa sauti ya hakimu.

"Fundi amegombana na mkewe asubuhi. Afanye nini kabla ya kuanza kazi?"

Baba hajafungua mdomo, Mama akajibu mwenyewe. "Amwombe mkewe radhi."

"Hilo halimo kwenye majibu, mke wangu."

"Basi waliotunga hawajaoa. Endelea."

Alikwenda kwenye mtihani na kalamu mbili na saa ya mkononi iliyokwisha simama. Akarudi anapiga mluzi. "Leo sikubishana na mtu," alisema. "Mengine sikukubaliana nayo, lakini nimeyajibu wanavyotaka wao." Mama akamsifu kama vile amerudi kutoka vitani.

Baada ya wiki mbili ikaja barua. Ndani hamkuwa na alama. Palikuwa na neno moja kwa herufi kubwa: IMEBATILISHWA. Chini yake walieleza kuwa kwa mujibu wa kanuni ya kumi na nne, mtahiniwa haruhusiwi kuweka kwenye karatasi ya majibu jina, saini, au alama yoyote inayoweza kumtambulisha kwa msahihishaji. Karatasi huwa na namba tu, ili anayesahihisha asijue anamsahihisha nani. Baba alikuwa amebadilisha majibu matatu. Na kila alipobadilisha, alipiga mstari mmoja mwembamba, akaweka herufi mbili pembeni.

Nilipandwa na hasira nikaanza kugombana na masufuria. "Hawa watu wana akili? Wanamwadhibu fundi kwa kuandika kama fundi?"

Baba aliisoma akiwa amesimama, mara mbili, akaikunja. "Wana haki," alisema. "Kanuni hiyo niliisoma. Tena kabla ya kuanza nilitia saini kwamba nimeisoma na kuielewa."

"Sasa ilikuwaje, Baba?"

"Mkono ulitangulia."

Kisha akachukua spana akaenda nje kutengeneza bomba la maji ambalo halikuwa linavuja. Nilimtazama dirishani, ameinama pale analifungua na kulifunga, machozi yakanitoka.

Rufaa iliruhusiwa, kwa barua, ndani ya siku kumi na nne. Baba aliandika kwa mkono wake, jioni mbili, hataki msaada. Siku ya tatu akanikabidhi bahasha niipeleke, kwa kuwa ofisi ya mitihani ilikuwa karibu na mahali nilipokuwa na shughuli siku hiyo. Bahasha haikuwa imebandikwa. Niliifungua. Nani asingeifungua?

Ilikuwa ukurasa mmoja na robo, na ndani yake mlikuwa na mistari saba na jozi saba za herufi. Palipoandikwa "tarehe kumi na mbili" pamepigwa mstari, juu yake "kumi na tatu", herufi mbili pembeni. "Nilijua" imepigwa mstari, imekuwa "nilisoma", herufi mbili. Mtu anashitakiwa kwa kutia herufi kwenye masahihisho, naye anajitetea kwa barua iliyojaa masahihisho yenye herufi! Ni sawa na mwizi wa kuku kwenda mahakamani na manyoya kichwani. Na maneno yenyewe ndiyo yalinimaliza kabisa: "Kanuni niliisoma, kwa hiyo sina udhuru. Naomba tu mjue kwamba sikukusudia ujanja." Hiyo ndiyo rufaa?

Nikafanya nilichokifanya. Nilikaa kwenye kompyuta ya ofisini nikachapa barua mpya, safi, isiyo na doa. Niliandika kwamba chumba kilikuwa na mwanga hafifu, kwamba msimamizi alisoma kanuni kwa haraka, kwamba yeye mtahiniwa, mtu wa makamo, hakuiona kanuni ya kumi na nne. Nikaichapisha. Halafu nikatia saini, jina lake, kwa mkono wangu. Kazi yangu ya kila siku ilikuwa kutia saini chini ya kazi ya Baba, na mkono wangu haukusita hata kidogo. Barua yake ya kweli nilitaka kuichana nikashindwa, nikaikunja nikaitia mfuko wa pembeni wa mkoba wangu. Ikakaa humo siku tisa.

Siku ya tisa tukaitwa mbele ya jopo. Kilikuwa chumba kidogo chenye meza ndefu kuliko ilivyohitajika, feni inayogonga kila ikigeuka, na watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Baba alivaa koti lake la harusi, vifungo vimegoma kukutana. Mimi niliruhusiwa kukaa nyuma yake, kwenye kiti karibu na mlango, nisiseme kitu.

"Mzee," mwenyekiti alianza, "tumeisoma barua yako. Unasema hukuiona kanuni ya kumi na nne."

Niliona shingo ya Baba ikikakamaa. "Nimesema hivyo?"

Akamsogezea barua. Baba alivaa miwani akaisoma kama anavyosoma kadi ya kazi, kidole chini ya kila mstari. Sikuwahi kuona mtu akisoma polepole vile. Kidole kikafika chini, kwenye saini, kikasimama.

Alijua papo hapo. Mwandiko wangu aliuona kila siku kwa miaka minne, chini ya kazi yake mwenyewe. Hakugeuka kunitazama, na kwa kutogeuka kwake nikaelewa anachofikiri. Akisema barua si yake, bintiye ameghushi saini, na mwenye leseni anayeghushi saini anaweza kunyang'anywa leseni. Akisema ni yake, amesema uongo. Baba yangu hajawahi kuandika "imekazwa" juu ya nati ambayo hakuigusa kwa mkono wake. Nikamwona anavua miwani, anafungua mdomo. Naapa alikuwa anakwenda kusema ni yake.

"Barua hiyo nimeandika mimi," nikasema.

Nilikuwa nimeshasimama. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa hatua nne, kutoka kiti changu hadi ile meza. Nikatoa karatasi kwenye mkoba, imekunjamana, ina harufu ya peremende, nikaiweka mbele ya mwenyekiti.

"Hii ndiyo ya Baba. Ile nimechapa mimi na saini ni yangu. Yeye hakujua. Niliona hii itamwangusha."

Feni ikagonga. Mwenyekiti alivaa miwani akasoma. Alipofika katikati akanyoosha mkono bila kuinua macho, na mwenzake wa kulia akampa karatasi ya majibu ya Baba. Akaziweka pamoja. Mistari mitatu kwenye mtihani, mistari saba kwenye barua, yote myembamba, yote imenyooka kwa namna moja, na herufi mbili zimelala pembeni zikiegemea upande ule ule. Mwenzake wa kushoto alianza kukohoa, nikagundua anazuia kicheko.

"Mzee, kwa nini unaweka herufi?"

"Ili atakayekuja baadaye ajue wa kumuuliza."

"Na kwenye mtihani?"

"Kwenye mtihani kanuni inakataza. Nilikosea."

"Hukuwa unamwashiria msahihishaji?"

Baba akafikiri kidogo. "Msahihishaji mimi simjui, mheshimiwa. Sasa nimwashirie nini? Kwamba nilikosea mara tatu?"

Hapo yule wa kushoto akashindwa, akacheka waziwazi. Mwenyekiti hakucheka. Alifungua kitabu cha kanuni akasoma ya kumi na nne hadi mwisho, na mwisho wake ulikuwa na sentensi ambayo mimi kwa hasira zangu sikuwahi kuifikia: jopo linaweza kuruhusu karatasi isahihishwe, likiridhika kwamba alama haikuwekwa kwa nia ya kujitambulisha.

"Siku zote tisa tulikuwa tunatafuta kitu cha kuturidhisha," alisema. "Hii iliyochapwa haikuturidhisha. Mtu ambaye hakuiona kanuni, mbona alitia saini kwamba ameiona? Hii ya mkono ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta." Kisha akanigeukia mimi. Sitarudia yote aliyoniambia. Ilikuwa dakika tano, na nilistahili kumi.

Alipomaliza, Baba akaomba barua niliyoichapa, na kalamu. Wakampa. Akapiga mstari mmoja juu ya ile saini, juu ya jina lake mwenyewe lililoandikwa kwa mkono wangu, mstari mwembamba, ukilitazama jina unalisoma. Akanisogezea karatasi.

"Herufi zako, mama."

Mkono uliokuwa umetia saini ndege mia tatu na kitu ukaandika herufi mbili. Mwenyekiti akaichukua karatasi ile akaitia kwenye jalada. Akasema nitapata onyo la maandishi, litakaa kwenye rekodi yangu.

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Halifutwi," akasema. Nadhani hapo ndipo na yeye alipotabasamu.

Tulishuka ngazi ghorofa mbili. Nilimwambia, "Nisamehe, Baba."

"Ulitaka kunisaidia."

"Ndiyo."

"Siku nyingine ukitaka kunisaidia, niulize kwanza. Ningekukatalia, ungenuna, tungekula, yangekwisha." Tukashuka ngazi chache. "Halafu eti mtu wa makamo! Makamo ya nani?" Nikacheka huku nalia, akanipa kitambaa chake, kinanuka grisi hata siku ya koti la harusi.

Matokeo yalikuja baada ya siku kumi. Kufaulu ni sabini na tano. Baba alipata themanini na moja. Mama aliibandika barua ile juu ya jiko, ikaanza kupata mafuta siku ya pili, na hakuna aliyethubutu kuibandua. Leseni yenyewe ilitoka wiki tatu kabla ya karatasi zake za zamani kufa.

Jumatatu ya kwanza, nilibadilisha breki ya gurudumu la kushoto kwenye ndege moja ndogo. Nilifunga bolti, nikafunga waya wa usalama, nikafuta mikono. Halafu nikasimama wima, visigino pamoja.

"Mhandisi! Njoo unikague."

Hanga zima likaitika kwa makofi na miluzi. Akaja na tochi yake, hana haraka hata kidogo. Akapiga goti, goti likalia, akaangaza bolti moja baada ya nyingine. Alikaa chini kule mpaka nikaanza kujitilia shaka.

"Waya wa bolti ya tatu," akasema.

"Una nini?"

"Unavuta upande wa kulegeza. Kata, rudia."

"Baba, acha utani."

"Baba yuko nyumbani."

Nikainama kuangalia. Alikuwa na haki, kama kawaida yake, Mungu ampe maisha marefu. Nikakata, nikarudia, akaangaza tena, akagusa kwa kidole, akaridhika. Akainuka, akaiweka kadi juu ya sanduku la vifaa, akaanza kuijaza kwa ule mwandiko wake wa kulala. Namba ya ndege, kazi iliyofanyika, tarehe. Akafika kwenye kisanduku cha mwisho, cha mwenye leseni.

Akaandika jina langu.

Aliliandika lote, bila kusita, kama alivyoliandika kila siku kwa miaka minne. Kisha akaliona. Makofi yalikuwa yamekwisha, watu wamerudi kwenye kazi zao, hakuna aliyetutazama. Baba alilitazama jina lile muda mrefu. Macho yake yalijaa maji, na yangu pia, wala hatukufichana.

Akapiga mstari mmoja mwembamba. Akaweka herufi mbili pembeni. Halafu chini yake, polepole, akaandika la kwake.

Kadi ile iko kabatini kwenye hanga, jalada la nne kutoka kushoto. Baba alistaafu mwaka jana. Mara nyingine nikipita naifungua, na jina langu bado linasomeka.